Mbwa wa Buswelu Wana Wenyewe

Katika mikutano ya mtaa wetu hapa Buswelu, Mwanza, yakishajadiliwa maji, barabara na ulinzi shirikishi, hakosi mtu wa kusimama kule nyuma na kuleta hoja ya mbwa. Maneno ni yale yale kila mara: mbwa koko wamezidi, watoto wanaogopa kutoka alfajiri kwenda shule, aitwe afisa mifugo, waje watu na bunduki, na kama risasi hazipo basi nyama itiwe sumu, wamalizwe. Mkutano unaitikia. Mimi huwa nimekaa pale mikono ikinuka dagaa, nimetoka kuwapikia mbwa walioachwa langoni kwangu, na hata mimi naelewa kwa nini watu wanaitikia. Mtoto aliyeng'atwa ni mtoto wa mtu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna dawa ya kumrudisha. Aliyewahi kukaa kando ya mgonjwa wa namna hiyo, akamwona anashtuka kwa kuonyeshwa kikombe cha maji tu, hawezi kumsikiliza mtetezi wa mbwa kwa moyo mwepesi.

Hasira hiyo naiheshimu. Ninachokipinga, na nitakipinga mkutano ujao na ule wa baada yake, ni dawa inayotajwa. Kuua mbwa wanaozurura hakumkingi mtoto wa Buswelu. Kunambomolea kinga kidogo aliyo nayo. Na ushahidi wa jambo hilo tunao nchini mwetu: Serengeti, mashariki ya Ghuba ya Speke, na kisiwani Pemba.

Nianze na neno "koko", maana ndilo linaloanza kutupoteza. Tukimwita mbwa koko tunamaanisha hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe hana wa kumlilia. Lakini watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, wakipita kaya kwa kaya, walikuta jambo ambalo mwanakijiji yeyote angewaambia: karibu kila mbwa anayeonekana njiani ana nyumba yake. Hafungwi kwa sababu si desturi yetu kumfunga. Mchana anajitafutia, jioni anarudi kwenye kizingiti kusubiri ukoko. Ana jina: Simba, Bobi, Popi, au lile jina la fumbo ambalo mwenye mbwa humpa ili kila akimwita jirani asikie.

Hapa Buswelu hali ni hiyo hiyo, ila imevaa nguo za mjini. Tangu Ilemela iwe manispaa yake yenyewe mwaka 2012, na makao makuu ya halmashauri yakiwa huku kwetu, viwanja vimepimwa hadi juu kwenye majabali. Kila saiti ina mlinzi, na kila mlinzi ana mbwa. Mbwa huyo anakula mabaki ya ugali wa mafundi, analala juu ya mchanga, anabweka usiku kucha ili nondo na saruji zisiibwe. Nyumba inapauliwa, inapigwa plasta, ukuta unapanda, geti linawekwa. Mlinzi anahamia saiti nyingine na mkoba wake. Mwenye nyumba anaingia na familia, na mara nyingi na mbwa mwingine mwenye manyoya mazuri. Yule aliyelinda tangu msingi anabaki nje ya geti alilolilinda, na baada ya mwezi mmoja wa kula jalalani anakuwa koko. Mwenyewe yupo. Yuko ndani ya geti, amelala salama kwa kazi ya mbwa huyo.

Halafu kuna majike. Mbwa akizaa nyumbani kwa mtu, madume wanapata wachukuaji kabla hata hawajafungua macho, kwa kuwa kila mtu anataka mlinzi. Majike hawatakiwi. Wanatiwa kwenye kiroba cha sembe na kupelekwa kwenye majabali wanakokaa pimbi, au jalalani, au, siku hizi, wanatundikwa kwenye mpini wa geti langu kabla ya adhana ya alfajiri. Ndiyo maana bandani kwangu majike ni wengi kuliko madume. Mimba ya mbwa ni kama miezi miwili tu. Jike mmoja aliyetupwa akiwa hai na akakua, ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili tayari ana watoto wake chini ya jiwe fulani, nasi tutakutana mkutanoni kushangaa mbwa wametoka wapi. Wametoka kwetu. Risasi inayopigwa barabarani haifiki kwenye kile kiroba.

Sasa tuje kwenye kichaa chenyewe, kwa sababu ndicho kinachotolewa kama sababu ya kuua. Mwaka 2009 watafiti, wakiwamo Katie Hampson na Sarah Cleaveland, walichapisha walichokiona Serengeti na Ngorongoro baada ya miaka ya kufuatilia mbwa mmoja mmoja: nani alimng'ata nani, wapi, lini. Walikuta kwamba kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza mmoja au zaidi kidogo, hafiki wawili. Ni ugonjwa unaoua vibaya lakini hauenei kwa kasi kama tunavyodhani. La pili ndilo linalotuhusu zaidi. Hesabu hiyo haikupanda kwa kufuata wingi wa mbwa. Mbwa mwenye kichaa hazuiwi na uchache wa wenzake. Anaweza kutembea umbali mrefu mpaka ampate wa kumng'ata. Kwa hiyo hata ukipunguza mbwa nusu, hujaupunguza ugonjwa nusu. Kinachoukata ni kukuta kila anayeng'atwa amechanjwa. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100, na ukarudia kila mwaka kwa sababu mbwa wetu hawaishi muda mrefu na wapya wanazaliwa, ugonjwa unakosa pa kupita.

Chukua mtaa wenye mbwa 10, saba wamechanjwa. Tuite watu wa bunduki. Watampiga yupi? Watampiga anayekaa karibu na watu, asiyekimbia, anayetikisa mkia akiitwa. Huyo ndiye mbwa aliyeshikika siku ya chanjo. Yule mwoga anayelala majabalini hakuchanjwa, na hatapigwa pia, maana hawamwoni. Wakiua wanne, wote waliochanjwa, wamebaki sita ambao watatu tu wana kinga. Kabla ya masika kuisha watu wamejiletea watoto wanne wapya wa kuziba pengo, kwa sababu wezi hawakuuawa pamoja na mbwa. Tumerudi kwenye mbwa 10. Wenye kinga walikuwa saba, sasa ni watatu. Tumetumia fedha ya umma, tumesikilizisha watoto milio ya bunduki, na tumeufungulia ugonjwa mlango.

Sumu ni mbaya zaidi, na si kwa sababu ya huruma peke yake. Mbwa aliyepandwa na kichaa mara nyingi koo limepooza, ndiyo maana udenda unamtoka, hawezi kumeza. Nyama ya sumu huliwa na mbwa mzima mwenye njaa. Huliwa pia na paka, na mzoga unapotupwa huliwa na kunguru, na mtoto anayecheza jalalani hana alama ya kumwonya. Anayehitaji kuondolewa ndiye pekee asiyeweza kuila.

Kuna jambo moja ambalo silisikii likisemwa mkutanoni, nami nadhani ndilo zito kuliko yote. Mbwa akimng'ata mtoto hapa kwetu, watu hukusanyika, mbwa anapigwa mawe hadi kufa, anaburutwa, anatupwa korongoni. Yote hayo kabla mtoto hajaoshwa kidonda. Kidonda kingeoshwa kwanza, kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 zilizohesabiwa. Hilo peke yake linaondoa sehemu kubwa ya virusi, na mtu wa kwanza kufika pale anaweza kulifanya bila kusubiri daktari. Kisha mtoto apelekwe hospitali, dozi ya kwanza ya chanjo ianze. Daktari atauliza: mbwa yuko wapi? Swali hilo lina maana kubwa. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata hataishi siku 10 akiwa mzima. Akifungwa mahali salama, akalishwa, akaangaliwa, na siku ya 10 bado anakula na kutembea vizuri, basi hakumwambukiza mtoto, na daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Akifa ndani ya siku hizo, kichwa kinapelekwa maabara ya mifugo na jibu linapatikana. Sisi tunaliua jibu kwa mawe. Mzazi anabaki kuchangisha nauli na fedha za dozi zote gizani, au, na hili ndilo linaloua watu, anaacha baada ya dozi ya kwanza akisema mbona mtoto anacheza.

Mahali pa kumfungia mbwa kwa siku 10 hapako nyumbani kwa mtu. Hakuna jirani atakayekubali, na sitamlaumu. Banda kama langu linaweza, likiwa na chumba kimoja cha wavu chenye kufuli, na mlezi aliyechanjwa yeye mwenyewe. Hiyo ni kazi ya kituo cha mbwa ambayo haisemwi kwenye picha za watoto wa mbwa wanaonyonyeshwa kwa chupa. Ni kazi ya afya ya jamii.

Wapo watakaosema haya ni ya vitabuni. Waende Pemba. Kuanzia mwaka 2010 mbwa wa kisiwa kile walichanjwa kila mwaka, shehia kwa shehia, katika mpango ulioendeshwa pia katika wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania. Watafiti, akiwamo Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara, walifuatilia kila mng'ato na kusoma vinasaba vya virusi, wakatambua minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikizunguka kisiwani. Kufikia Mei 2014 yote mitano ilikuwa imekatika. Kisha chanjo ikalegea, kama tunavyolegea sote tukishasahau kilio, na mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kisiwani mara mbili. Mbwa hupanda mashua kama mzigo mwingine wowote. Nasi wa ziwani tunaoletewa mbwa na mitumbwi kutoka visiwani tunalijua hilo. Wakarudia kuchanja kisiwa kizima. Oktoba 2018 ukawa umekwisha.

Napenda mfano wa Pemba kwa sababu nyingine pia. Ni kisiwa cha Waislamu, wengi wao wa madhehebu ya Shafii, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hakuna aliyewaambia wabadili dini ili wamwokoe mtoto. Hawakuombwa kumkumbatia mbwa. Waliombwa kumshika kamba kwa dakika moja. Kwa hiyo ndugu yangu anayenitajia kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, namjibu kwa heshima kwamba simwiti msikitini. Na yeye aliyesoma hadithi za Bukhari anamkumbuka mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akapanda nacho mdomoni ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na anakumbuka alilipwa nini. Wakristo wenzangu nao wanajua ni nani waliokuja kulamba vidonda vya Lazaro pale mlangoni wakati wenye nyumba wanakula.

Waliojaribu njia ya kuua nao wapo. Kichaa kilipoingia kisiwa cha Flores nchini Indonesia mwaka 1997, kwa mbwa walioletwa na boti ya uvuvi, mbwa waliuawa kwa wingi, na ugonjwa ukaendelea. Kilipoingia Bali mwaka 2008 wakaanza kwa kuua vilevile; wenye mbwa wakawaficha, wakawahamisha vijiji vingine, ugonjwa ukapanda nao kwenye pikipiki na kuenea. Ulipungua walipogeukia chanjo ya kisiwa kizima. Mexico ilichanja bure kwa miongo kadhaa, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaithibitisha kuwa nchi ya kwanza kuondoa vifo vya kichaa kinachotokana na mbwa. Mpinzani makini atanitajia Japani, na ana haki. Sheria ya Japani ya mwaka 1950 iliruhusu kukamata mbwa wanaozurura, na kufikia 1957 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Lakini aisome sheria hiyo yote. Iliamuru kila mbwa asajiliwe na achanjwe. Hapa kwetu nasikia watu wakiazima mkono wa kukamata na kuuacha mkono wa sindano.

Hoja nyingine huja kwa sauti ya chini, na kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, alinisimamisha njiani nikiwa na ndoo ya vichwa vya sangara. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema, "hiyo pesa na hiyo nguvu ungewapa yatima." Sikuwa na jibu la haraka. Alisema kwa upole, na watoto wenye njaa wapo, wengine nyuma ya ukuta wangu.

Jibu nililolipata baadaye ni hili. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa maskini. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya kichaa Tanzania kuwa takriban 1,500 kwa mwaka. Duniani ni takriban 59,000, karibu wote Asia na Afrika. Kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto anayetembea kwa miguu kwenda shule, asiye na gari wala geti, ndiye anayekutana na mbwa. Dozi moja ya chanjo ya binadamu bei yake ni mara kadhaa ya ile ya mbwa, na aliyeng'atwa anahitaji zaidi ya dozi moja, kwa siku tofauti, na nauli ya kila siku hiyo. Kumchanja mbwa kabla hajang'ata ni kumtunzia maskini fedha yake. Yatima wa mwalimu wangu ni miongoni mwa ninaowalinda ninapomshika mbwa kamba. Sijawahi kuona mahali ambapo mbwa aliyeuawa kwa sumu aliongeza bakuli la uji kwa mtoto.

Na hili la kwamba kuhurumia mbwa ni tabia ya wazungu, wakoloni wa zamani na watalii wa leo, linanichoma. Wasukuma wamechunga ng'ombe na kuwinda na mbwa tangu kabla ya mzungu yeyote kuliona ziwa hili. Bunge letu wenyewe lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na sheria hiyo inatamka kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Chanjo nayo tumeizoea kuisikia kama jambo la majokofu na magari ya wageni. Kumbe chanjo ya mbwa ilipopimwa nguvu yake, ilibaki nzima baada ya miezi 6 katika joto la nyuzi 25, na baada ya miezi 3 katika nyuzi 30. Mtafiti wa Kitanzania, Ahmed Lugelo, na wenzake wakatengeneza chombo cha kuihifadhia kijijini bila umeme, cha udongo, kinachopoa kwa maji kuvukizwa kwenye kuta zake. Ni mtungi wa bibi. Mkoa wa Mara umeutumia. Tunashindwa nini Mwanza, wenye udongo na wafinyanzi?

Nimesema mengi juu ya wengine. Niseme ya bandani kwangu, maana wapo wanaodhani suluhisho ni kujenga kituo kikubwa na kuwakusanya mbwa wote wa Ilemela humo. Hilo nalo nalipinga, na nalipinga nikiwa na makaburi uwani.

Kazi inaanza kabla ya jua. Dona, vichwa vya sangara au mapanki kutoka viwandani, na chengachenga za dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, vyote kwenye sufuria la msiba juu ya mafiga. Mifupa inachemshwa hadi inavurugika, la sivyo inawakwama. Watoto wanatolewa kupe mmoja mmoja, wanapewa dawa ya minyoo, na ukikuta ufizi mweupe ujue viroboto na minyoo wamekunywa damu yote, huyo ana siku chache. Aliyeingia leo hachanganywi na waliokuwepo. Ana ndoo yake, bakuli lake, na mimi nina viatu vingine vya kuingilia kwake. Hayo yote nilijifunza kwa kuchelewa. Mwaka wa kwanza sikuwa najua kukataa. Kila kiroba nilikipokea, kila mtoto nilimweka na wenzake wapate joto, nikidhani wingi ndio wema. Kirusi cha parvo kikaingia. Mtoto wa mbwa anaacha kula asubuhi, jioni anatapika, kesho anaharisha damu yenye harufu ambayo huwezi kuisahau. Ndani ya wiki moja nilizika karibu wote. Walikuwa wameokolewa kutoka jalalani wakaja kufia kwangu, kwa sababu niliwarundika. Kirusi kile hukaa kwenye udongo miezi mingi, na sehemu ile ya uwa niliimwagia jiki mara kwa mara na kuiacha bila mbwa hadi mwaka ukapita.

Kwa hiyo simwombi mtu yeyote ajenge boma la mbwa 500. Litakuwa boma la kufia. Banda linalofaa ni dogo, na mlango wake unafunguka pande zote mbili. Mbwa anaingia, anachanjwa, jike anafungwa kizazi, dume anahasiwa, anapona, anatoka. Anarudi kwa mwenyewe akipatikana, na mara nyingi anapatikana ukiuliza watoto wa mtaa badala ya wazazi wao. Asiyepatikana mwenyewe anatafutiwa nyumba nyingine. Yule wa mtaani aliyezoeleka na mama lishe na waendesha bodaboda wa kijiwe fulani anarudishwa pale pale kijiweni akiwa na kinga mwilini, kwa sababu nafasi yake ikibaki wazi itazibwa na mbwa mwingine asiye na kinga. Na aliyepandwa na kichaa kweli, au aliyevunjika kiasi cha kutopona, anauawa na daktari wa mifugo kwa sindano, bila fimbo wala mawe. Sijawahi kusema hakuna mbwa wa kufa. Nasema wa kuamua ni daktari aliyemtazama mbwa huyo, si umati uliotazama rangi yake.

Ninayoyataka kwa halmashauri ni mambo ya bei ndogo. Fedha inayotengwa kwa risasi na sumu inunue chanjo na kulipa posho ya wachanjaji. Siku ya chanjo itangazwe kwa kipaza sauti wiki mbili kabla, isiishie 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na picha za viongozi. Chanjo ifuate mitaa, hadi kule juu kwenye majabali na chini hadi mialoni Igombe, maana mtu hatamvuta mbwa kilomita tano. Kibali cha ujenzi kimtake mwenye saiti aandikishe mbwa wa saiti yake kwa jina lake mwenyewe, ili nyumba ikiisha ajulikane wa kuulizwa. Na daktari wa mifugo afike Buswelu kwa siku zinazojulikana kuwafunga kizazi majike kwa bei ambayo mlinzi wa saiti anaiweza. Mashirika ya kimataifa ya afya na mifugo yameweka lengo kwamba ifikapo 2030 asife tena mtu kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole.

Mara ya mwisho mchanjaji alipokuja mtaani kwetu, alikaa chini ya mwembe na daftari, kisanduku cha baridi na fungu la kola za plastiki. Waliowaleta mbwa, kama kawaida, walikuwa watoto. Wengine kwa kamba ya katani, mmoja kwa mkanda wa baba yake. Akaja mvulana wa kama miaka tisa akimvuta kwa kipande cha kanga mbwa wa rangi ya kahawia mwenye sikio lililochanika. Nilimjua mbwa yule. Kila mkutano, mzee anayesimama nyuma humtaja kwa sikio lake, kuwa ndiye koko anayewaongoza wenzake jalalani. Mvulana alimkalisha, akapiga magoti pembeni, akamshika shingo kwa mikono miwili na kumnong'oneza. Mbwa hakutikisika sindano ilipoingia. Mchanjaji akafungua daftari, akauliza jina la mbwa. Simba. Akauliza jina la mwenye mbwa. Mvulana akataja jina la babu yake, yule yule mzee wa nyuma, nalo likaandikwa.